Kipande cha Reli Kilichomwoa Mama

Nimeamua kuandika kwa sababu nimechoka kusimulia. Kila nikikaa kwenye cherehani yangu pale sokoni Kibondo, mtu anakuja na suruali isiyo na tatizo lolote, anaikunjua, anaikunja, kisha anauliza, "Haya Gervas, hebu tuambie, ilikuwaje huko Tanga?" Nikifika katikati anaingia mwingine, anataka nianze upya. Sasa nimeandika mara moja. Anayejua kusoma awasomee wenzake, mimi niacheni nishone.

Mwaliko ulivyokuja, ruhusa nilivyopata, tiketi nilivyokata, hayo nayaruka, hayana utamu. Mnachotaka ni habari za kile chuma.

Kabla ya kuondoka

Wilaya yetu haina reli hata ya kuchezea. Mimi naipenda reli tangu utotoni, na kwa hilo mmenitania vya kutosha, mkaniita Stesheni Masta wa Migombani. Sawa. Lakini wote mnajua kengele ya shule yetu: kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mti, urefu wa mkono wa mtu mzima, kinachopigwa asubuhi watoto waingie darasani, na kinachopigwa tena sisi wakubwa tunapoitwa shamba la kijiji. Wasichokijua wageni ni kwamba kile chuma ni mahari ya mama yangu.

Baba alikuwa kibarua kwenye genge la reli kule Malagarasi. Walipokuwa wanabadilisha reli zilizochakaa, nyapara aliwaachia vipande vilivyokatwa, anayetaka achukue. Baba alikuwa amemchumbia mama, na babu, yaani baba yake mama, alikuwa ametaka majembe mawili, kama ilivyo kwetu Waha. Baba akajiambia, chuma si chuma tu? Akakibeba kile kipande begani, kwa miguu, kutoka Malagarasi mpaka Kibondo, akakipeleka kwa mhunzi akifue kiwe majembe.

Mhunzi alivukuta mpaka mkaa ukamwishia. Chuma kikawa chekundu kidogo, kikapoa, kikabaki vilevile. Nyundo ikavunjika mpini. Mwisho mzee yule akafuta jasho akasema, "Kijana, chuma hiki kimezoea garimoshi. Mimi hakinijui."

Baba akaenda kwa mkwewe na aibu yake. Babu kwa hasira akakitandika kile chuma kwa jiwe, nacho kikalia bonde zima likasikia. Watu wakatoka majumbani. Babu akakipiga tena, safari hii taratibu. Kisha akasema, "Kitundikeni hapa kwangu. Mchukue mke wako. Majembe utaleta." Ndivyo mama alivyoolewa, na wanawake wenzake wakamtania maisha yake yote kwamba kaolewa kwa kelele. Majembe hayakuletwa. Baba alifariki akiwa bado anasema, "Nitayaleta." Tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa mwaka juzi, chuma kikahamia shuleni.

Sasa, wapenzi wa historia ya reli walipopanga kukutana Tanga, waliomba kila mwenye kitu cha zamani aje nacho. Kwenye chuma chetu, upande mmoja karibu na ncha, kuna maandishi ya kiwandani ya enzi za Mjerumani. Mwenyekiti wa kijiji alikubali niende nacho, watoto wataitwa kwa ngoma. Mama ndiye aliyekuwa mgumu.

"Gervas," aliniambia, "mwanamke mahari yake ikitoka ikapotea, yeye ni mke wa nani?"

"Mama, baba amekwisha kufa."

"Ndiyo maana nauliza. Angekuwepo ningemuuliza yeye." Akakishika kile chuma. "Kirudi. Na kikirudi kimepungua usinifiche, nitajua kwa sauti yake."

Kibondo hadi Kasulu

Nilikifunga kwenye mkeka, nikazungushia kamba, nikapanda lori la mihogo. Kwa kuwa chuma kile kikianza kubingirika kinaweza kuvunja mguu wa mtu, nilikipakata mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Basi nikaona ajabu. Wanaume wakavua kofia. Wanawake waliokuwa wakigombana habari za kuku wakanyamaza. Dereva akawa anayapita mashimo polepole, jambo ambalo dereva wa njia ile hajalifanya tangu azaliwe. Nikafurahi moyoni, nikasema watu wa siku hizi wamekuwa waungwana.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kirundi, mmoja wa wale waliokimbia machafuko kwao wakapewa mashamba huku kwetu. Akaniinamia. "Pole sana, baba. Alikuwa na umri gani?"

Nikadhani ananitania, maana hata sisi nyumbani chuma kile tunakiita mzee. Nikamjibu, "Huyu? Huyu ni wa tangu Mjerumani."

Watu wakauangalia ule mkeka, wakaniangalia mimi. Kijana mmoja mbele akashindwa kuvumilia. "Sasa mzee wa Mjerumani, mbona mfupi hivyo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wenzangu tangu Kibondo wanasafiri na maiti ya mtoto. Mungu wangu! Nikafungua mkeka haraka, nikawaonyesha, nikawaambia ni mahari ya mama yangu. Lori lililipuka kwa kicheko, dereva akasimama kuuliza kuna nini, naye alipoambiwa akacheka, kisha akayapa mashimo haki yao mpaka Kasulu.

Yule mama alicheka kuliko wote, mpaka machozi. Baadaye wengine walipokwisha kucheka, yeye machozi yakaendelea. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba wa kwake alimfunga vilevile, kwenye mkeka, wakiwa njiani kuvuka mpaka. Kiha na Kirundi ni karibu lugha moja, lakini zote mbili zilinikimbia. Tulipofika alikigusa kile chuma kwa kiganja. "Mrudishie mama yako," akasema. Nikamwahidi, na ahadi zikawa mbili.

Kasulu hadi Kigoma

Kasulu nililala kwa Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa ninakonunua nyuzi. Wazazi wake walitoka Tanga, na mdogo wake Athumani bado yuko huko. Alinipa wali na maharage, na chai ya tangawizi inayochoma koo, na maagizo: "Ukifika, fikia kwa Athumani. Mwambie nipo hai na bado namshinda bao."

Aliponiona na chuma akatikisa kichwa. "Gervas, wewe unakipeleka chuma cha reli kwa watu wa reli? Hicho hakirudi. Watu wa makumbusho nawajua, wana mikono laini lakini haiachii."

Sikupenda maneno yale. Nilikuwa nimeanza kuyafikiria mwenyewe, na si vizuri mtu akusemee hofu yako kabla hujaisema.

Basi la Kigoma liliharibika mara mbili mteremkoni. Sina habari nalo, isipokuwa kwamba kondakta alipotafuta kitu kizito cha kuzuia gurudumu, macho yake yalitua kwenye mkeka wangu. Nikamwambia, "Huyu ni mama mkwe." Akatafuta jiwe.

Kigoma hadi Tabora

Stesheni ya Kigoma mimi naweza kuitazama siku nzima. Jengo zuri, ziwa nyuma yake, na reli inaishia palepale, imechoka, imefika. Nilikula samaki mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, nikaingia daraja la tatu nikiwa na raha zangu. Raha haikufika mbali. Gadi wa treni, mtu mnene mwenye filimbi kifuani, alijikwaa kwenye mkeka.

"Nini hiki?"

"Kipande cha reli."

Akainama, akapapasa, akaninyooshea kidole. "Reli ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Mama yako ana reli?"

"Aliolewa nayo."

Behewa zima likageuka. Gadi alikuwa mtu wa kazi yake, hakucheka. Alisema amefanya kazi miaka mingi, amekamata wenye mbuzi chini ya viti na wasio na tiketi juu ya paa, lakini hajapata kumwona mwizi anayeiba reli kisha anaipandisha kwenye treni ya reli hiyohiyo. Nikamweleza tangu babu mpaka mhunzi. Akasikiliza, akasema, "Hadithi nzuri. Utaisimulia Tabora kwa stesheni masta." Akakibeba chuma mpaka kwenye behewa lake la nyuma.

Niliumia. Nimetoka Kibondo jana tu na mahari ya mama tayari iko mikononi mwa serikali! Kila stesheni tuliposimama nilishuka mbio kwenda kuchungulia kama bado kipo. Uvinza watu walinunua chumvi, mimi nilikuwa nyuma ya treni nachungulia. Mwishowe gadi akachoka na uso wangu, akasema, "Haya panda, ukae nacho."

Ndiyo maana tulipofika Malagarasi nilikuwa kwenye mlango wa behewa la gadi, na chuma miguuni pangu. Kando ya njia palikuwa na genge la vibarua wamesimama kutupisha, nyundo begani, mataruma mapya ya kulazia reli yamepangwa pembeni. Vijana tu. Mmoja alikuwa na mabega ya baba. Nikapiga makofi ya kusalimia, kama tunavyomsalimia mkubwa kwetu, na wawili kati yao wakapiga makofi kujibu, nikajua ni Waha. Treni ikapita. Nilitamani kulia na gadi akaliona hilo, akajifanya anakagua taa yake.

"Ni hapa?" akaniuliza.

"Ni hapa alipokiokota."

Tabora, stesheni masta alitoka na miwani kwenye paji la uso. Gadi akamweleza, nami nikaeleza, tukawa tunaeleza pamoja. Mzee yule akashusha miwani. Akatembea mpaka pembeni ya jukwaa, ambako nao wana kipande cha reli kimetundikwa kwa ajili ya kutangaza treni, akakigonga. Kisha akaamuru changu kishikwe kwa kamba, akakigonga. Akasikiliza kama mganga anayesikiliza kifua.

"Kimepigwa sana hiki," akasema. "Tazama hapa kilivyochimbika. Reli ikishatundikwa ikaita watu, si reli tena, ni kengele. Mpe mtu kengele yake."

Gadi akapiga saluti. Mimi nikanunua asali ya Tabora, nikawapa wote wawili, ingawa sisi wa Kibondo hatukubali kwamba asali ya Tabora ni asali.

Tukakwama Gulwe

Baada ya Dodoma mvua ilikuwa imekula tuta la njia. Tukasimama Gulwe, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri mpaka watu wakafahamiana kwa majina ya watoto. Wamama walishusha sufuria, wakakoka moto kando ya reli. Wagogo walikuja kuuza kuku na maziwa mgando. Abiria wakatawanyika kila upande, wengine kutafuta maji, wengine kivuli, na gadi wetu mpya akawa na wasiwasi jinsi atakavyowakusanya njia ikifunguka, maana filimbi yake ilikuwa haifiki mbali.

Kumbe yule gadi tuliyemwacha Tabora alikwisha kumsimulia. Akanijia. "Wewe ndiye mwenye mama mwenye reli?"

Tukakitundika mtini. Njia ilipotengenezwa nilikipiga mimi mwenyewe, kwa jiwe, ule mlio wa kwetu wa kuita shamba la kijiji. Watu wakatoka vichakani wanakimbia na sufuria mikononi, mmoja na kuku wake nusu kanyonyolewa. Nilicheka peke yangu. Lakini nilipopanda nilifikiri: hapa kilikuwa kazini. Huko nikipelekako kitakuwa kitu cha kutazamwa.

Kuingia Tanga

Dar es Salaam nilibadilisha treni, sina la kusema, nilikuwa na usingizi. Ila baada ya Korogwe niliamka, na nje ya dirisha palikuwa na mkonge. Mistari ya mkonge inakuja, inapita, inakuja. Mnajua ni wangapi kutoka kwetu walipelekwa huko kuwa manamba. Katika kila nyumba ya Kasulu na Kibondo yupo mjomba aliyekwenda mkongeni asirudi. Nilikuwa nimezoea kusikia habari zao, sijapata kuona mahali penyewe. Hakuna jina hata moja, mkonge tu. Nikajiuliza nani anajua kwamba walikuwapo.

Athumani, mdogo wake Mzee Salum, alinipokea vizuri mno. Kahawa na kashata, samaki wa nazi, machungwa ya Muheza matamu mpaka nikaona haya kuendelea. Nilimpa salamu kwamba kaka yake bado anamshinda bao. "Muongo tangu utoto," akasema, macho yamejaa furaha.

Mkutano

Tulikutana kwenye ukumbi mmoja karibu na stesheni. Wengi walikuwa wastaafu: madereva wa injini, mafundi, makarani wa mizigo, na walimu wachache wa historia. Mwenyekiti alikuwa Bwana Shekiondo, stesheni masta mstaafu, shati limepigwa pasi likasimama lenyewe. Alikuwa akitoa hotuba ya ufunguzi nilipoingia, nimechelewa. Kwa adabu ya kwetu nikainama mlangoni, nikapiga makofi kumsalimia. Ukumbi mzima ukadhani hotuba imekwisha, nao wakapiga makofi. Bwana Shekiondo akasita, akakunja karatasi zake, akaketi. Sikuthubutu kueleza.

Jamani, nilifurahi! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa na watu ambao wakisikia neno "injini" hawacheki. Wazee wawili waligombana asubuhi nzima juu ya daraja fulani la njia ya Moshi, lilijengwa kabla au baada ya jirani yake, mpaka wakanuniana, na chakula kilipokuja wakakaa sahani moja. Taa za ishara, filimbi, kofia, vyote vilikuwa mezani. Walizungumza pia kwa huzuni. Kila mtu siku hizi anaitazama reli mpya ya Wachina, walisema, na vitu vya zamani vinauzwa chuma chakavu.

Zamu yangu ikafika. Nikakifungua chuma, nikasimulia kama nilivyowasimulia hapa. Walicheka pale kwa mhunzi, walicheka sana pale kwa babu. Nilipofika kwenye "nitayaleta" mmoja akatoa leso. Bwana Shekiondo akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya yale maandishi ya Mjerumani.

"Ndugu Gervas," akasema, "hata sisi hapa hatuna chenye alama hii. Vyetu vyote vilikwisha kuyeyushwa. Kiache. Tunafungua chumba cha kumbukumbu. Kitawekwa mbele, na chini yake tutaandika jina la baba yako, kwamba alifanya kazi kwenye genge la Malagarasi."

"Kina mwenyewe, mzee."

"Najua. Lakini fikiri. Nani mwingine katika wale vibarua ana jina lililoandikwa mahali?"

Alinigonga penye jeraha. Msidhani alikuwa mtu mbaya, alikuwa anasema kweli. Usiku wote ule mkonge ulinipita machoni. Jina la baba, mjini, mbele, watoto wa shule wanalisoma! Nami upande wa pili namwona mama amekishika kile chuma, anauliza yeye ni mke wa nani. Asubuhi nilimwambia Athumani sitaki chai. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani.

Karakana

Siku ile tulitembezwa kwenye karakana ya reli. Nilikuwa nimekibeba chuma begani kwa sababu sikutaka kukiacha ukumbini, hofu ilikuwa imenifikisha hapo. Mhunzi wa pale, Mzee Hatibu, aliniuliza kama kinaniuma bega au roho. Nikamwambia vyote viwili, nikamweleza.

"Maandishi yako wapi?"

Nikamwonyesha, karibu na ncha.

"Basi wanachotaka ni kiganja kimoja cha chuma. Nina msumeno hapa. Wao wabaki na alama, mama yako apate chuma chake."

"Mama alisema kikipungua atajua kwa sauti."

"Atajua," akasema. Hakunidanganya. "Kikiwa kifupi kitalia kwa sauti nyembamba."

Nilikaa pale juu ya taruma bovu nikitazama tanuri lake. Feni ya umeme inapuliza, makaa yanang'aa meupe, na nyundo kubwa ya mashine inapanda na kushuka yenyewe. Nikamkumbuka yule mhunzi wa kwetu na mpini wake uliovunjika. Nikauliza: "Mzee, unaweza kufua jembe kutoka kwenye reli?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimefua vyuma vya injini nzima. Jembe?"

Nilifikiri mpaka wenzangu wakamaliza matembezi. Nikikikata, nimevunja neno la mama. Nisipokikata, ama naliacha jina la baba, ama naiacha mahari yote. Hakukuwa na njia ya kurudi nyumbani na mikono misafi. Nikasema, "Kata."

Walikata kiganja kimoja chenye maandishi kwa ajili ya Bwana Shekiondo, naye akasema ahadi ya jina iko palepale. Kisha nikamwomba Mzee Hatibu akate kingine kama hicho. Hicho akakitia motoni. Na chuma kilichomkatalia mhunzi wa Kibondo kikakubali. Kikawa cheupe, kikalala chini ya nyundo, kikapanuka, kikapata mabega, kikachongoka nyuma, kikawa jembe la kwetu, la kuchomekwa kwenye mpini, kwa maana nilimchorea mwenyewe kwa chaki sakafuni. Nililia mbele ya watu. Baba alikibeba mzigo ule kutoka Malagarasi kwa sababu ya hiki tu, na kumbe alikuwa sahihi, kilichokosekana ni moto.

Nyumbani

Kurudi nitafupisha. Gadi wa Kigoma aliniona jukwaani Tabora, akapiga filimbi, akauliza, "Mama mwenye reli hajambo?" Akakitazama chuma. "Mbona kimepungua?" Nikamwambia asiniongezee hofu. Kasulu, Mzee Salum alikipima kwa macho akasema, "Si nilikuambia?" Nikamwonyesha jembe, akanipa mpini wa mti mgumu kutoka uani kwake, na hakutaka kusikia habari ya bei.

Nilifika jioni mama akiwa kwa jirani, anasaidia kumenya mihogo. Nilikwenda moja kwa moja shuleni, tukakitundika na mwalimu. Nilikuwa mwoga kumwambia, basi; usiku nilimwambia tu kwamba kimerudi, nikalala. Nikakiacha kiseme chenyewe.

Asubuhi mwalimu akakipiga. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kitoto, wote mliisikia, nanyi mlitoka nje kutazama. Mama alikuwa anafagia uwanja. Ufagio ukasimama. Alisikiliza mpaka mlio wa mwisho ukaisha, hakunigeukia.

"Umekikata," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikwambia nini?"

Nikamweleza kwa haraka, kama mtoto: kiganja kilichobaki Tanga, jina la baba litakaloandikwa kwa herufi kubwa, genge la Malagarasi, watoto watakaolisoma. Akasikiliza akiwa amenipa mgongo. Kisha nikaingia ndani, nikatoka na jembe, limekwisha kutiwa mpini, nikapiga magoti, nikamwekea mbele ya miguu.

Aliuweka ufagio chini. Akainama, akalishika kwa mikono yote miwili, akaligonga kwa ukucha, akaliweka sikioni. Likalia kidogo. Mama akaliweka chini taratibu, akapiga makofi, yale makofi ya mke anayempokea mumewe aliyetoka safari ya mbali, akainamisha kichwa, na midomo yake ikamtaja baba kwa jina. Mimi sikuwahi kumsikia akilitaja.

Halafu akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaliweka jembe begani, akashika njia ya shambani. Mlangoni pa ua akageuka.

"Baba yangu alitaka mawili," akasema. "Hilo jingine nitamdai baba yako mwenyewe nikimkuta."